Mbwa wako hajui "kaa", anajua bega lako

Kabla hujaniambia mbwa wako anajua "kaa", toka naye uani, mpe mgongo, sema neno hilo mara moja kwa sauti ya kawaida. Usigeuke. Mtoto wa nyumbani akutazamie. Halafu lala chali kwenye majani useme tena. Mbwa wengi niliowajaribu hivi hapa Mwanza, hata wale ambao wenyewe wanaapa kwamba wameiva, hubaki wamesimama wakishangaa.

Mbwa wangu, Radi, alikuja kunilamba uso. Ni chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji, wakati huo ana miaka miwili, na mimi nilikuwa nimeshika mbwa wa lindo miaka minne kwenye kampuni moja ya ulinzi hapa mjini. Nilijiona fundi. Kumbe miezi minane yote, kila niliposema "kaa" bega langu la kulia lilipanda kidogo na kichwa kikainama, na Radi alikuwa akisoma bega. Neno lilikuwa kelele za kusindikiza.

Ninaanzia hapo, mdogo wangu, kwa sababu wengi mnaokuja na mbwa aliyemaliza ngazi ya chini ya mafunzo ya utii mnaniuliza zoezi jipya ni lipi: kuruka, kuokota, kunusa. Mazoezi mapya ndiyo sehemu rahisi. Ngazi ya chini inakusamehe kwa kuwa upo karibu, mbwa anaona goti lako, anasikia pumzi yako. Ukipanda, kanuni za mashindano zinakuondoa wewe uwanjani kidogo kidogo, mpaka mbwa abaki na anachokijua yeye.

Tazama mpangilio wenyewe. Marekani, majaribio ya utii yalianza mwaka 1933 kwa Helene Whitehouse Walker, mama aliyechoka kuambiwa kwamba mbwa wake wa aina ya poodle ni mapambo tu, akaamua kuonyesha kwamba wana akili. American Kennel Club, chama chao cha mbwa, waliyapokea rasmi mwaka 1936. Kwao kuna ngazi kuu tatu, na kila moja ina cheo chake: CD kwa wanaoanza, CDX kwa ngazi ya kati, UD kwa ile ya juu. Mtihani una alama 200, unahitaji 170, na tena lazima upate zaidi ya nusu ya alama za kila zoezi. Kisha urudie kufaulu mara tatu ndipo cheo kiandikwe. Hiyo sharti ya nusu ndiyo inayowakata watu, maana huwezi kufidia. Mbwa wako anaweza kutembea nawe kama kivuli, akiboronga kunusa tu mmerudi nyumbani mikono mitupu. Na kwa wenye mbwa wa kienyeji wanaoona haya: tangu mwaka 2010 hao Wamarekani wanawaruhusu chotara kushindana kwenye utii. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, lina madaraja yake matatu na mazoezi yake, lakini mwelekeo ni uleule. Daraja la tatu mbwa anabadilishwa mkao, kukaa, kusimama, kulala, mwenyewe akiwa mita 15 mbali naye. Jaribu mita 15 na hilo bega lako.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujisafisha wewe. Weka simu juu ya jiwe, mawe tunayo ya kutosha mji huu, ujirekodi dakika tano. Usimtazame mbwa kwenye video, jitazame mwenyewe. Utaona mkono unaoenda mfukoni kabla ya amri, kidevu kinachotikisika, mguu unaorudi nyuma mbwa akichelewa. Kila kimoja mwamuzi atakihesabu kama amri ya pili, na amri ya pili ni makato au ni kufeli kabisa. Kisha chagua: neno peke yake, au ishara peke yake. Ukiviambatanisha kila siku, mbwa atachukua ishara na neno atalitupa, kwa sababu yeye ni mnyama wa kutazama. Ninapofundisha neno, mikono naifunga nyuma. Neno kwanza, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo msaada ufuate kama hajaelewa. Ukisaidia kabla hajapata nafasi ya kufikiri, umemfundisha kusubiri msaada.

Ishara nazo zina ngazi yake. Kule juu kuna zoezi zima la kimya: mbwa anatembea nawe, anasimama, unaondoka hadi upande wa pili wa uwanja, halafu kwa mkono tu analala, anakaa, anakuja. Sisi tuliotoka kwenye lindo tunaumia sana hapa. Kule tulizoea kufoka, na wengine wetu tuliamini kwamba sauti kubwa ndiyo heshima. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali naye ni mkali, na nimeona ni kweli, ila hawakumalizia: mbwa wa mpiga kelele huwa kiziwi.

Kunusa ndilo zoezi ninalolipenda, na ndilo nililoliharibu zaidi. Katika FCI ni vijiti vya mbao, urefu sentimita 10, upana na unene sentimita 2. Unashika kimoja mkononi mpaka kishike harufu yako, kinapangwa pamoja na vingine vinavyofanana nacho, na mbwa aende peke yake achague. Hapa mwenyewe huna cha kusaidia hata ukitaka, kwa sababu hujui kipo wapi. Ndiyo maana ninalifundisha mapema kuliko wenzangu wanavyofanya. Mbwa anaonja mara ya kwanza maana ya kuwa na jibu ambalo bosi hana.

Vijiti vyangu vya kwanza nilichongewa na seremala wa Kirumba, vizuri kabisa, nikavitunza kwenye ndoo yenye mfuniko. Wiki tatu Radi alikuwa anafika kwenye vijiti, anavipitia vyote kwa furaha, anachukua chochote na kukitafuna. Nilimlaumu sana. Siku moja mke wangu akafunua ndoo, akaniuliza kwa nini nimechukua ndoo yake ya dagaa. Nilikuwa nimeiosha, mimi nikiinusa sisikii kitu. Vijiti vyote vilikuwa vinanukia chakula, na harufu yangu ilikuwa imezama chini kabisa. Nilichoma vyote nikaanza upya.

Sasa vijiti vinakaa kwenye mtungi wa kioo. Ninavipanga kwa koleo la jikoni ambalo halipikii kitu kingine, na kijiti kilichoshikwa leo hakirudi kwenye kundi la visivyoguswa mpaka kikae nje siku kadhaa. Anza na viwili tu: chako kikiwa huru, kingine kimefungwa kwa uzi kwenye ubao ili akikosea kisinyanyuke. Usiseme "hapana". Hakinyanyuki, basi, hilo ndilo jibu. Mbwa aliyekemewa kwenye vijiti hujifunza kuogopa vijiti, na kurekebisha hilo ni kazi ya miezi. Tazama pua: ikipita juu ya kijiti chako halafu shingo ikarudi nyuma ghafla, ameelewa. Jioni niliyoiona shingo ile kwa Radi sikusema neno, nilikaa chini tu.

Kuhusu zawadi, dagaa wakavu ni wepesi, ni rahisi, na mbwa huwafuata hata kaburini. Watumie kwa kutembea na kuitwa. Kwenye kunusa tumia maini yaliyochemshwa, na osha mikono kwanza, au utarudia ujinga wangu.

Kuruka na kuokota nitapita haraka. Dambeli ya mbao, kile kifaa ambacho mbwa huokota, mwambie fundi atumie mbao nyepesi, si mninga, maana itamchosha shingo. Fundisha kuishika kwa utulivu kabla ya kuitupa, la sivyo atakuwa anaitafuna kama muwa. Kiunzi cha juu, kwa Wamarekani, hukaribia kimo cha mbwa mabegani, na kile cha kutandazwa chini urefu wake huwa mara mbili ya hapo. Lakini mbwa mkubwa asiruke urefu kamili kabla mifupa haijakomaa, yaani mwaka mmoja na nusu hivi. Jamii ya German Shepherd ina tatizo la nyonga, muulize daktari wa mifugo kabla. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai na kupe waondolewe, hilo sidhani kama nahitaji kulieleza. Fanya mazoezi saa 12 asubuhi au jioni baada ya jua kushuka. Miamba yetu saa saba mchana inaunguza nyayo, na mbwa mwenye nyayo zilizoungua ataonekana mkaidi.

Halafu vurugu. Kuna mambo matatu: muda, umbali, na vurugu za mahali. Ukiongeza moja, punguza mengine mawili. Mbwa anayekaa dakika tatu ukumbini kwako Buhongwa, ukimpeleka soko la samaki la Mwaloni Kirumba anza na sekunde tano, ukiwa umemgusa. Pale kuna harufu ya sangara, mikokoteni, wabeba mizigo wanaopiga mluzi, na korongo wakubwa wenye vipara wanaotembea kati ya watu kama wakaguzi. Mimi naanzia mbali, kwenye uwanja wa wazi upande wa Malimbe, kisha kituo cha bodaboda asubuhi ya Jumapili, halafu watu wanaposhuka kutoka kivuko cha Kamanga. Mwaloni mwishoni. Na uwe na adabu: watu wengi wanaogopa mbwa, na wapo wasiotaka mbwa awaguse kwa sababu za dini. Kaa pembeni, kamba fupi, salimia. Mzee akikuambia, "Kijana, mtoe huyo," mtoe. Umepata zoezi la kuondoka kwa utulivu bila kulipa.

Kosa jingine la wageni ni mfuko wa zawadi. Uwanjani huingii na chakula. Mbwa aliyezoea kulipwa kila hatua ataona mfuko haupo, na akili itamhama zoezi la pili. Miezi miwili kabla ya mtihani, anza kuunganisha mazoezi mawili bila malipo, kisha matatu, kisha mtihani mzima, na malipo makubwa yakimsubiri nje ya kamba. Wakati mwingine mlipe baada ya zoezi la kwanza tu mkaondoka, ili asijue lini.

Kuhusu pa kushindania, sisi hapa tunapimana wenyewe: kamba nne, mwenzetu mmoja mwamuzi, karatasi ya alama. Klabu kongwe ya ukanda huu, East Africa Kennel Club, ipo Nairobi. Ukifikiria kuvuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya, anza karatasi za mbwa mapema, za chanjo na za afya, kwa daktari wa mifugo wa serikali.

Mara ya kwanza tulipopimana, Radi alinusa vizuri, akaruka vizuri. Tukafika zoezi la kimya. Nilikuwa upande wa pili, yeye amesimama kama sanamu, namsubiri mwamuzi aniruhusu. Upepo ukageuka kutoka ziwani, ukaleta wale wadudu wadogo wanaokuja kama moshi, mmoja akaniingia jichoni. Mkono ukapanda wenyewe. Radi akalala papo hapo, safi kabisa, kwa ishara ambayo sikuwa nimeitoa. Sifuri.

Siku hizi jioni, wadudu wakitoka, naenda ufukweni bila mbwa. Nasimama mikono ikiwa kando, naweka saa dakika tatu, nawaacha watue usoni. Rekodi yangu ni dakika mbili na sekunde arobaini.