Sitaki sare ya kila harusi: je, huo ni ubahili?

SWALI: Assalamu alaykum shehe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikindani, Mtwara. Mwaka huu mume wangu kauza korosho vizuri, na pesa ilipoingia akataka tubadilishe masofa wakati yaliyopo ni ya mninga na bado mazima. Nikamwomba tuache. Tena nimeacha kushona sare kila harusi, maana ninazo kumi na moja sandukuni, nyingi nimezivaa mara moja tu. Juzi maji yalipokupwa nilikuta mkono wa gauni la lesi umenasa kwenye mizizi ya mikoko, rangi haijachujuka hata kidogo, nikaijua ni sare ya harusi ya kwetu. Tangu siku hiyo roho inaniuma nikinunua kitu nisichokihitaji. Mawifi wananiita bahili. Na kwenye darsa moja mhadhiri alisema mwenye mali asiyeionyesha anakufuru neema, na haya ya kupenda mazingira ni dini ya wazungu. Je, napata dhambi?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Dhambi huna, mwanangu. Ningeishia hapo, lakini maneno ya huyo mhadhiri yanarudi kila msimu wa korosho, pamoja na magari ya masofa, kwa hiyo tuyatazame.

Hadithi aliyoitegemea ipo: Mwenyezi Mungu anapenda kuona athari ya neema yake kwa mja wake. Ila yeye kaikata kichwa. Katika mapokezi ya Imamu Ahmad inaanza kwa kusema kuleni, kunyweni, toeni sadaka na vaeni, pasina israfu, yaani ufujaji, wala kiburi. Ndipo yakaja hayo ya athari ya neema. Na yule sahaba aliyeambiwa mali yake ionekane alikuja kwa Mtume (s.a.w.) na nguo duni huku ana ngamia, kondoo na farasi. Wewe una magauni kumi na moja. Wapi na wapi?

Wengine wakibanwa hukimbilia Al-Aaraf aya ya 32: ni nani aliyeharamisha pambo la Mwenyezi Mungu? Haya, na wasome aya ya 31 iliyo juu yake: kuleni na kunyweni, wala msifanye israfu. Tena wewe hujaharamisha kitu. Mimi siku hizi sili pweza kwa sababu ya meno, na hakuna aliyenijia kusema nimeharamisha pweza.

Mkulima naye ana aya yake, Al-An'am 141: toeni haki yake siku ya kuvunwa, wala msifanye israfu. (Zaka ya korosho wanazuoni wamehitilafiana. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi korosho si katika mazao ya zaka, lakini pesa yake ikifika nisabu, yaani kiwango cha kutolewa zaka, na ikatimiza mwaka inatolewa. Wafuasi wa madhehebu ya Hanafi wana lao. Tuliache kwa leo.) Ninachokiona huku kwetu ni pesa kuingia kupitia chama cha msingi cha ushirika, na miezi mitatu minne baadaye mtu anakuja kukopa ya palizi, nyumbani kaacha sofa ambalo hata nailoni ya dukani hajalivua.

Sasa hilo la dini ya wazungu. Hapo nimeudhika. Mtume (s.a.w.) aliutazama mlima wa Uhud akasema huu ni mlima unaotupenda nasi tunaupenda, imo katika Bukhari na Muslim. Mvua iliponyesha alifunua nguo yake kidogo imnyeshee, akaulizwa, akasema ni kwa kuwa imetoka kwa Mola wake punde hivi. Wazungu gani hao? Alitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo cha zamani kisichofika lita. Nenda msikiti wetu wowote ukatazame bomba linavyoachwa wazi tangu kusukutua hadi miguu. Mimi mwenyewe nilijipima kwa ndoo, nikaona haya. Kiatu chake kikikatika alikishona. Na bibi zetu, kanga ikichakaa ilikuwa winda, kisha kitambaa cha kuepulia sufuria. Sidhani kama walifundishwa na Wajerumani wa boma la Mikindani.

Sura ya Ar-Rum, aya ya 41, inasema ufisadi, yaani uharibifu, umedhihiri bara na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu. Pwani yetu inaijua aya hiyo: matumbawe tumeyapiga baruti, tumeyachimba tukayachoma chokaa. Sasa tunayatupia lesi. Lesi nyingi za sare ni poliesta na nailoni, vitu vya mafuta ya petroli, haviozi kama inavyooza pamba. Ndiyo maana ule mkono wa gauni ulikuwa bado unang'aa. Kuumia kwako, ukikutia nia ya kutoharibu alichokiumba Mola wako, kuna ujira inshallah.

Lakini kuna jambo hukuniambia: badala ya sare unawafanyia nini mawifi? Sare si wajibu, kuunga udugu ni wajibu. Ukikataa sare, mchango usitoe, na harusini ufike watu washakula, basi na wao usiwalaumu sana. Nenda mapema, kaa nao mpete mchele, vaa sare ya mwaka juzi, na ile pesa ya kitambaa mpe mama wa bibi harusi mkononi. Watoto sikukuu wavishe. Usiwafanyie wao majaribio ya zuhudi yako, huko kujinyima anasa.

Kuhusu mumeo, pesa ni yake na sofa si haramu. Zungumza naye akiwa ametulia, si mbele ya dada zake, na usimwite mfujaji. Mwambie fundi anaweza kubadilisha sponji na kitambaa, mbao za mninga zikabaki. Akikataa akanunua, usimnunie. Mwombe tu hayo ya zamani apewe mtu, yasiozee uani.

Na lile sanduku lifungue. Mabinti wanaoolewa mwaka huu bila uwezo unawajua kuliko mimi. Gauni lililovaliwa mara moja linapunguzwa kiuno likawa la bibi harusi. Wallahu aalam.