Saa ya Kugeuza Ndege Iandikwe Kabla Hujaruka

Marubani vijana wanaotamani kuruka Aktiki huniuliza sana kuhusu baridi. Baridi ina nguo zake, na injini ina mablanketi na hita zake. Mimi nawasihi waanze na mafuta.

Chukua safari ya Twin Otter, ndege ndogo ya injini mbili, kutoka Resolute Bay, kaskazini kabisa mwa Kanada, hadi Eureka katika kisiwa cha Ellesmere. Ni zaidi ya kilomita 600, saa mbili na ushei, na unatua kwenye changarawe, latitudo ya nyuzi 80. Ndege hiyo ikishapakiwa hadi kilo 5,670 inazoruhusiwa kurukia, kila sanduku la watafiti linakula nafasi ya mafuta, na huenda usibaki na ya kutosha kwenda, kukuta ukungu, kisha kurudi. Basi njiani pana mahali ambapo, ukishapapita, huna pengine pa kutua ila Eureka. Pigia hesabu mahali hapo ukiwa mezani. Andika saa ya kufika hapo, ndiyo saa ya kugeuza, na kiasi cha mafuta, na rubani mwenzako azijue namba hizo. Milima ya Axel Heiberg ikishaanza kuonekana, moyo hutaka kuendelea tu.

Upepo ukikusukuma wakati wa kwenda, usifurahi upesi. Utakuwa usoni mwako wakati wa kurudi, kwa hiyo saa ya kugeuza inakuja mapema zaidi.

Kabla ya kuwasha injini, piga simu kituo cha hali ya hewa cha Eureka. Ripoti wanayotuma ni nzuri, lakini mimi humwomba aliye zamu achungulie dirishani: ng'ambo ya fyodi, ule mkono mwembamba wa bahari, panaonekana? Saa moja iliyopita palionekana? Uliza pia hali ya Resolute kwa saa zijazo, maana kugeuza hakusaidii kama ulikotoka kumefunga.

Dira ya sumaku huko haitegemeki. Njia zote hupimwa kwa kaskazini halisi, yaani ya ramani, si ile ya sumaku. Altimeta, kipimo cha kimo cha ndege, nayo hudanganya kwenye baridi kali: kwa nyuzi 40 chini ya sifuri, ikikuonyesha futi 1,000 juu ya uwanja, toa takribani 240. Penye vilima, tofauti hiyo inaua.

Theluji na mawingu vikiwa rangi moja, macho hayajui tena ardhi iko wapi. Tafuta mapipa, bendera, mwamba mweusi, chochote chenye kivuli. Usipokiona, usishuke.

Na abiria waambiwe jana yake, wala si angani, kwamba huenda mkarudi bila kufika. Mtafiti aliyesubiri mwaka mzima ataumia, na ana haki. Mweleze kwa upole, mwonyeshe ile saa uliyoandika, kisha mpime mizigo upya pamoja: kipi kinaweza kungoja safari ya pili?