Uza Noah ilivyo, usitie giaboksi

Kaka, umeuliza kama utie giaboksi nyingine ndiyo uuze hiyo Toyota Noah yako iliyokufa giaboksi, au uiuze hivyo hivyo. Mimi ningeiuza ilivyo. Giaboksi ya mtumba utaifuata Mombasa, kilomita kama 120, ulipe na fundi, kisha mnunuzi wa hapa Malindi akija atainama kwanza kutazama chini. Chumvi ya bahari imekula chesisi, yaani fremu ya chini ya gari? Basi pesa yako ya giaboksi hairudi.

Sema ukweli mapema: giaboksi imekufa, injini ni nzima, AC haipozi. Mtangazie fundi kwanza, si dalali. Fundi ndiye anayejua bei ya milango, taa, viti na injini kwa spea. Dalali atakwambia "gari limechoka" hata kabla hujafungua boneti!

Na tafadhali, usimpe mtu logibuku, kile kitabu cha umiliki wa gari, mkononi ukaenda zako. Fanya uhamisho wa umiliki NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, naye mnunuzi akubali upande wake. Jina likibaki lako, akigonga mtu kule Mambrui, polisi watakutafuta wewe.