Jibu: Mashua zilivyopanda Thames hadi Oxford

Mkuu, umeuliza mashua zilifikaje Oxford, Uingereza, kwa mto Thames, wakati wenye vinu vya maji walishaziba mto. Zilipita, ila kwa taabu na kwa kulipa. Kwenye kizuizi waliacha uwazi uliozibwa kwa mbao za kusimamisha. Zikichomolewa, maji yanafoka. Mashua inayoshuka inasombwa nayo, inayopanda inavutwa kwa kamba na winchi dhidi ya mkondo huohuo! Na mwenye kinu hana haraka, maana maji yakiisha kinu kinasimama. Miaka ya 1630 ndipo Iffley, Sandford na Swift Ditch, karibu na Oxford, palipojengwa vyumba vya milango miwili: mashua inaingia, inafungiwa, maji yanaiinua taratibu. Pale Maidenhead, mji ulio chini zaidi mtoni, walisubiri hadi miaka ya 1770.