Daktari wa wazee yuko wapi? Maswali yenu wiki hii

Dokta, daktari bingwa wa watoto namjua, mbona wa wazee sijawahi kumsikia?

Wapo ila huku kwetu ni wachache mno. Fani yenyewe ya siku nyingi, kuna Dk. Marjory Warren wa Uingereza, mwaka 1935 alikabidhiwa wodi zilizojaa wazee waliolazwa tu basi, akawapima mmoja mmoja, akawainua kitandani, wengi wakarudi makwao. Ila mimi sitaki tukae tunasubiri mabingwa, maana mzee wa kijijini anaanzia kwa tabibu wa zahanati, huyo ndo afundishwe kwanza.

Nasoma udaktari mwaka wa 4, nikazanie nini?

Kwanza ujue mzee haumwi kama kijana. Nimonia inaweza kumjia bila homa wala kikohozi cha maana, unaambiwa tu bibi tangu jana anachanganya majina ya wajukuu, ukiandika "uzee" hapo ndo umempoteza. Presha mpime amelala, kisha amesimama. Halafu mwambie ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi akae, ikifika sekunde 12 na kuendelea jua anaweza kuanguka huyo, na hujatumia mashine yoyote zaidi ya saa yako. Na dawa zote anazotumia zimwagwe mezani uzione, usikubali kusimuliwa!

Mama ana miaka 74, ana dawa za presha, sukari, diklofenaki ya magoti, na usiku anameza piritoni apate usingizi. Sawa?

Hapana jamani. Piritoni kwa mzee inaleta kuchanganyikiwa, choo kigumu, hata mkojo kukwama, na ipo kwenye orodha ya Beers ya dawa za kuepuka kwa wazee, iliyoanza 1991. Diklofenaki nayo inapandisha presha, inaumiza figo na tumbo. Za presha na sukari usimkatishe, beba zote mpaka za mitishamba mwende kwa daktari azipitie.

Mwanangu dokta, nina miaka 78, nikienda kliniki daktari anaongea na binti yangu tu, mimi kama sipo.

Shikamoo baba. Hiyo haikubaliki, na mabango ya "mpishe mzee" ukutani hayasaidii kama ukishaingia ndani husikilizwi. Siku nyingine mwombe binti asubiri nje kidogo, kisha anza na kinachokukera zaidi, hata kama ni kushindwa tu kutembea mpaka msikitini, wakitaka kuanza na presha waambie hiyo itafuata.