Mhalifu wako mtoe ghalani

Skripti nyingi za uhalifu ninazoletewa na vijana hapa Kisumu zina ghala lenye giza na taa moja inayoning'inia. Ghala hilo limeshahukumu kabla mtu hajafungua mdomo. Ukitaka mtazamaji ashindwe kuamua amchukie nani, mpeleke mahali watu wanapotafutia riziki.

Tazama msimu wa pili wa The Wire, tamthilia ya uhalifu ya Marekani, wa mwaka 2003, uliohamia bandari ya Baltimore. Frank Sobotka, kiongozi wa chama cha wapakuaji mizigo, anapitisha makontena ya magendo. Pesa nyingi anawapelekea wanasiasa ili mfereji uchimbwe zaidi, meli zirudi na watu wake wapate kazi. Nick, mtoto wa ndugu yake, hukosa zamu kwa kuwa wakongwe ndio wanaotangulia. Ukishaona gati lile lilivyo tupu, kumlaani Sobotka kunakuwa kazi. Lakini tangu sehemu ya kwanza kontena moja limefunguliwa, maiti za wanawake zimo ndani, na bandari ileile inakunyang'anya utetezi wako.

Breaking Bad, tamthilia nyingine ya Marekani, nayo ilitumia mahali pa kuoshea magari kutakatisha pesa za dawa za kulevya, mchana kweupe. Jua kali linatisha kuliko giza, ingawa waongozaji wetu wengi hawaniamini.

Sisi tuna ufuo. Matatu huingizwa ziwani mpaka maji yafike nusu ya magurudumu, kijana amekunja suruali, anasugua rimu kwa kipande cha godoro. Mafuta ya injini yanatanda juu ya maji, rangi zikimetameta, na hatua chache pembeni mtu anachota ndoo. Kijana anavunja sheria ya mazingira. Vilevile analipa karo ya mdogo wake. Kabla ya kuandika, nenda ukakae hapo asubuhi, urudi jioni, uangalie nani anakula kutokana na mahali hapo na nani anaumia.

Kisha mlete mpelelezi wako. Gari lake lina matope, anataka lioshwe haraka, na anamhoji kijana huyo kuhusu mauaji huku povu la gari lake likielekea ziwani. Usimwandikie mstari wa kujuta. Mwongozaji akiomba muziki wa huzuni hapo, mkatalie.