Maswali ya Wasomaji: Mzee Harry Brown na Sheria Mkononi

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mstaafu ninayeishi Buruburu. Majuzi wajukuu wangu walinionyesha filamu ya Uingereza iitwayo Harry Brown, inayomhusu mzee ambaye rafiki yake anauawa na vijana wa genge, naye anaamua kuwaandama mmoja baada ya mwingine. Kila alipoua, wajukuu walishangilia, nami nikashangilia pamoja nao, lakini usiku roho ilinisuta. Je, filamu hii inahalalisha kuchukua sheria mkononi? Na yangetendeka hapa Nairobi, mahakama ingeyatazamaje?
Mstaafu, Buruburu

JIBU: Mzee wetu, usijilaumu sana, kwa kuwa filamu hiyo ya 2009, iliyoongozwa na Daniel Barber, imetengenezwa kwa ustadi ili mtazamaji ashangilie. Kabla Harry hajagusa silaha, tunamwona akiitwa hospitalini mkewe akiwa mahututi, akizunguka njia ndefu kwa kuwaogopa vijana waliotawala kivuko cha chini ya barabara, na akifika mkewe amekwisha kufa. Baada ya hayo, ni nani atakayemwonea huruma kijana wa kivukoni?

Mbele ya sheria, hata hivyo, mauaji yake hayalingani. Lile la kwanza, ambapo mnyang'anyi anamtishia kwa kisu naye, akiwa askari wa zamani wa Royal Marines, kikosi cha wanamaji cha Uingereza, anamgeuzia kisu kile kile, wakili wa Nairobi angeweza kulitetea kwa kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotambua haki ya kujitetea, mradi nguvu iliyotumika isipite kiasi cha hatari iliyokuwapo. Kuanzia anapokwenda kutafuta bastola, utetezi huo unaanza kumponyoka, na anapowawinda vijana kwa mpango tayari tumo katika kifungu cha 203, yaani kuua kwa kukusudia. Adhabu yake inaweza kuwa kifo, ingawa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2017 jaji halazimiki kuitoa. Uzee na huzuni vingesikilizwa wakati wa kupunguza adhabu, wala si wakati wa kuamua kama ana hatia.

Sehemu iliyonikera mimi ni ile ya simu. Inspekta Alice Frampton, polisi anayepeleleza kesi hiyo, anamweleza Harry kwamba, kwa kuwa marehemu rafiki yake alikuwa amebeba singe, yaani kisu cha kuchomekwa kwenye bunduki, washtakiwa wanaweza kudai walijitetea na shtaka likapunguzwa. Polisi wanahitaji ushahidi zaidi. Baadaye Harry anamkamata kijana mmoja na kuiona katika simu video ya mauaji yenyewe. Huo ndio ushahidi uliokosekana! Badala ya kuupeleka kwa inspekta, anamtumia kijana huyo kama chambo. Kwetu, kifungu cha 34 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai kinamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, na kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Filamu inapita hapo haraka, nadhani kwa sababu ingesimama, kisa kingeishia kituo cha polisi.

Zaidi ya hayo, sinema inatupa uhakika ambao mtaa hautupi. Mimi na wewe tuliwaona wauaji kwenye filamu; lakini wale wanaokimbia na mawe wakisikia "Mwizi!" kule Gikomba mara nyingi hawakuona lolote. Wakazi wa Kariobangi wanajua makundi ya kujilinda hugeuka kuwa nini: mnamo Machi 2002, mapigano kati ya kundi haramu la Mungiki na kundi la kujilinda lililojiita Taliban yaliua watu zaidi ya 20 kwa usiku mmoja. Kwa hiyo, ndiyo, naona filamu inahalalisha, japo kwa kunyamaza zaidi kuliko kwa kusema.

SWALI: Mtaa ule wa maghorofa katika filamu ya Harry Brown ni wa kweli au ulijengwa kwa ajili ya filamu?
Mwanafunzi, Kayole

JIBU: Ni wa kweli. Ni Heygate, kusini mwa London, uliokamilika 1974. Wakati wa kupiga picha wakazi wengi walikuwa wamekwisha kuhamishwa, na miaka michache baadaye ukabomolewa. Michael Caine, aliyeigiza kama Harry akiwa na umri wa miaka 70 na ushei, alikulia jirani na hapo, Elephant and Castle.